Shaba Mkononi mwa Binti: Historia ya Zawadi Ndogo Katika Nchi ya Likasi na Koni

Desemba ikishika kasi, wazazi wa Likasi, mji wa Katanga nchini Kongo, hupiga hesabu mbili. Ya kwanza ni ya jikoni: unga, mchele, kuku, mafuta, na sukari ya kuwatosha wageni. Ya pili ni ya watoto, maana katika miji ya Katanga sikukuu za Noeli na bonane, yaani mwaka mpya, ni sikukuu za kuvaa. Mtoto mdogo hasumbui: gauni jipya, viatu, peremende, naye ameridhika. Mgumu ni binti wa miaka kumi na minne au kumi na mitano. Mdoli amekwisha kuuaga. Kitenge cha wax cha yadi sita ni vazi la mama yake, na bei yake inauma. Simu anayoitamani haimo kabisa katika mshahara wa mwezi huu. Hapo ndipo mkono wa mzazi unapoelekea kwenye vitu vidogo: bangili, hereni, pete, ushanga wa shingoni.

Wengi huviona vitu hivyo kuwa vya kuzibia pengo pesa inapokuwa haba. Historia ya mahali hapa inavipa heshima kubwa zaidi. Katika nchi iliyo kati ya mto Lufira na mto Lualaba, pambo dogo la shaba ni la kale kuliko Noeli, kuliko kitenge, kuliko faranga, na kuliko mji wa Likasi wenyewe. Lilitengenezwa hapa, kwa jiwe la hapa, na watoto wa kike walikuwa na sehemu yao katika kazi hiyo tangu jiwe lilipookotwa. Jinsi lilivyotoka mikononi mwao, na jinsi linavyoweza kurudi kwa bei ya mnyonge, ni habari ya zaidi ya miaka elfu moja.

Ushahidi mzuri kuliko wote uko kaskazini, kando ya Ziwa Kisale katika bonde la Upemba. Mwaka 1957 mwanaakiolojia wa Kibelgiji Jacques Nenquin alianza kuchimba makaburi ya Sanga, na kuanzia mwaka 1974 Pierre de Maret akaiendeleza kazi hiyo Sanga na katika vijiji jirani. Waliozikwa pale kati ya karne ya 8 na ya 13 hivi walilazwa pamoja na vyungu vilivyofinyangwa kwa ustadi mkubwa, na miili yao ilipambwa kwa bangili, vikuku, mikufu na mikanda ya shaba. Watoto nao hawakusahauliwa. Makaburi yao yalikuwa na mapambo pia, na vyungu vyao vilikuwa vidogo, ukubwa wake ukifuata umri wa mwenyewe. Aliyefinyanga chungu kidogo namna hiyo alikuwa amemfikiria mtoto mmoja, na umri wake, na mkono wake.

Upemba haina madini ya shaba. Metali hiyo ilibebwa kutoka kusini, katika ukanda ambao leo una Kolwezi, Kambove, Likasi na Lubumbashi, mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kwa miguu na kwa mitumbwi. Katika karne zilizofuata shaba ikaanza kufika kwa umbo jingine, la msalaba. Misalaba ya mwanzo ilikuwa mikubwa. Ya baadaye ikapungua, ikalingana vipimo, ikawekwa kwa wingi karibu na mikono na nyonga za marehemu. Kwa sababu hiyo wanaakiolojia wakaamini kwamba ilikwisha kuwa fedha. Umbo lile halikutokana na Ukristo, kwa kuwa lilitangulia wamisionari wa Katanga kwa karne nyingi. Hata hivyo lilikuwa na nguvu katika maisha ya binti, kwani misalaba ya shaba ilitolewa katika mahari. Metali ile ile iliyopamba mkono wake akiwa mtoto ndiyo iliyohesabiwa mbele ya wazee wake siku ya kuposwa.

Tunajua kwa undani jinsi shaba hiyo ilivyopatikana kwa sababu kazi yenyewe iliendelea hadi mwishoni mwa karne ya 19, na wazee walioifanya walikuwa bado hai maandishi yalipoanza. Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, mtawa Mbenediktini aliyefika Katanga mwaka 1910, alichapisha mwaka 1926 makala juu ya watu aliowaita walaji wa shaba. Msimu wao ulianza mnamo mwezi wa Mei, mvua zikiwa zimekatika na mtama umekwisha kuvunwa. Kijiji kilihamia kilimani. Wanaume walichimba mashimo kwa vyuma vifupi. Wanawake na watoto waliokota malakiti juu ya ardhi, lile jiwe la kijani lenye mistari ambalo zaidi ya nusu ya uzito wake ni shaba. Jiwe lilichambuliwa, likaoshwa, likapelekwa kwenye tanuri lililojengwa kwa udongo wa kichuguu, likachomwa kwa makaa ya mti mgumu huku viriba vya ngozi vikipuliza upepo. Mafundi wa tanuri walikuwa na miiko yao, na ujuzi wao haukugawiwa ovyo. Lakini jicho la kwanza kuliona jiwe zuri, mara nyingi, lilikuwa jicho la mtoto.

Kisha ikaja kazi ya waya, na hapa Wayeke walisifika. Hao ni watu waliotoka Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, wakifuata njia za biashara, hadi mmoja wao, Msiri, akajenga ufalme wenye makao yake Bunkeya. Kupata waya, fundi alichukua kipande cha shaba, akakifua hadi kikawa kirefu na chembamba, akakichonga ncha. Ncha hiyo aliipitisha katika tundu la bamba la chuma, akaibana, na watu wakavuta kwa nguvu zao zote. Ikitoka huku, ilikuwa nyembamba kidogo kuliko ilivyoingia kule. Wakahamia tundu dogo zaidi, wakavuta tena. Shaba ikivutwa huwa ngumu na hukatika, hivyo kila baada ya hatua kadhaa ilirudishwa motoni ilainike. Mwisho wake ulipatikana uzi mwembamba wa kuzungushiwa juu ya nyuzi za mmea au singa za mnyama, na hiyo ndiyo bangili nyepesi iliyopinda bila kuvunjika. Wanawake walizivaa nyingi kwa pamoja, mikononi na miguuni, na hatua zao zilisikika kabla hawajaonekana.

Misafara ya pwani ilileta mashindano. Mwanzoni mwa karne ya 19 wachuuzi wawili kutoka Angola, Pedro João Baptista na Amaro José, walipita katika nchi hii wakielekea kwa mfalme Kazembe, wakaacha maandishi juu ya mawe ya kijani na shaba yake. Baadaye njia ya Bunkeya hadi Bahari ya Hindi ikashamiri. Pembe za ndovu, shaba na watumwa vilitoka. Vitambaa, bunduki na shanga za kioo vikaingia. Shanga zilikuwa nyepesi kubeba, za rangi nyingi, na kidogo chake kilitosha kumfurahisha msichana. Zawadi ya binti wa Katanga sasa iliweza kutoka ng'ambo. Biashara hiyo hiyo ilikuwa na uso mwingine ambao haufai kufichwa: katika njia zile, wasichana wenyewe waliuzwa.

Noeli nayo ilifika kwa njia za misafara. Frederick Stanley Arnot, mmisionari Mskoti, aliingia Bunkeya mwezi Februari 1886, na wenzake wakamfuata. Tarehe 20 Desemba 1891, siku tano kabla ya Noeli, Msiri aliuawa na Kapteni Omer Bodson wa msafara wa Stairs, uliomtumikia Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, na Katanga ikawa mikononi mwa mfalme huyo.

Msafara mwingine ulioingia punde baadaye ndio unaotufikisha Koni, kando ya mto Lufira. Uliongozwa na Kapteni Lucien Bia, msaidizi wake akiwa Émile Francqui, na ndani yake alikuwamo mwanajiolojia Jules Cornet. Bia alifariki dunia njiani Agosti 1892. Cornet alizunguka katika vilima vya Kambove na Likasi, akayaona mashimo ya walaji wa shaba, akapeleka Ulaya habari ya utajiri ule. Majina ya watu hawa watatu yalikuja kubandikwa juu ya maji ya Lufira. Maporomoko yaliitwa Cornet. Kituo cha umeme kilichojengwa Mwadingusha na kuanza kazi mwaka 1930 kiliitwa Francqui. Na cha pili, kilichojengwa Koni, chini kidogo ya mto, kikaanza kazi mwaka 1950 kwa jina la Bia. Majina ya Mwadingusha na Koni yalirudi rasmi wakati wa Zaire.

Koni ni mahali pa kazi ya kimya kimya. Maji yaliyokwisha kuzungusha mitambo ya Mwadingusha hushuka hadi pale, yakazungusha mingine mitatu yenye uwezo wa megawati 42, kisha yakaendelea na safari yao. Umeme haukujengewa vijiji vya jirani. Ulijengewa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906, na hasa viwanda vya Likasi, mji ulioitwa Jadotville kwa heshima ya Jean Jadot hadi mwaka 1966. Kiwanda cha kuchambulia madini kilianza Panda mwaka 1921. Mwaka 1929 kikafuata kiwanda cha Shituru, na hapo ndipo jiwe la kijani lilipobadilishiwa maisha. Malakiti iliyosagwa ilitumbukizwa katika tindikali, ikayeyuka, kisha umeme ukapitishwa ndani ya maji yale ya buluu hadi shaba safi ikajishika juu ya mabamba, tabaka juu ya tabaka. Mabamba yakapakiwa kwenye gari moshi, yakaenda baharini.

Jiwe ambalo mtoto aliliokota kwa mkono wake sasa halikupita tena mkononi mwa mtoto. Mwanzoni mwa karne ya 20 matanuri ya udongo yalizimika. Vilima vilikuwa vya kampuni, wanaume walitakiwa mgodini, na kodi ilidaiwa kwa faranga. Binti wa mfanyakazi aliishi hatua chache kutoka kwenye tani za shaba, na kama alikuwa na bangili, baba yake aliinunua dukani.

Kuanzia mwaka 1928 hivi kampuni ilibadili siasa yake ya kazi. Badala ya vijana wa mkataba mfupi, ilitaka wafanyakazi wenye wake na watoto, wakae miaka mingi kambini. Kukawa na nyumba, posho ya chakula, zahanati na shule zilizosimamiwa na misheni. Wasichana na mama zao walifundishwa kushona, kufuma na kutunza nyumba. Mafunzo hayo yaliwabana, kwa kuwa yalimtayarishia msichana maisha ya mke wa mfanyakazi na si mengine. Lakini sindano ya kufumia na bunda la uzi vilimpa kitu ambacho kambi haikumnyima. Aliweza kutengeneza zawadi kwa mikono yake: kitambaa cha meza, kofia ya mtoto, sweta la msimu wa baridi wa Juni. Uzi wa kufumia hadi leo ni zawadi inayoeleweka katika nyumba za Katanga, nao hauna gharama kubwa.

Wabelgiji walikuja pia na sikukuu yao ya watoto, ya Mtakatifu Nikolasi, tarehe 6 Desemba. Kwao mtoto huweka kiatu karibu na jiko usiku, na asubuhi hukuta ndani yake machungwa madogo, biskuti na peremende. Waingereza hutumia soksi badala ya kiatu, lakini nia ni ile ile: zawadi ndogo, inayoenea katika chombo kidogo, kwa kila mtoto. Kupitia shule za misheni na nyumba za Wazungu, habari za mtakatifu huyo ziliwafikia watoto wa Kongo. Katika familia nyingi za wafanyakazi, hata hivyo, kiatu chenyewe ndicho kilikuwa zawadi. Mtoto hakukiweka karibu na moto kisubiri kujazwa. Alikivaa kwenda nacho kanisani.

Uwezo wa kukinunua ulitegemea mshahara, na mshahara ulikuwa na historia ya damu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia bei za vitu vya dukani, vitambaa vikiwamo, zilipanda huku malipo yakibaki nyuma. Mwanzoni mwa Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma, Jadotville na Panda zikiwamo. Tarehe 9 Desemba, mjini Élisabethville, Lubumbashi ya leo, askari waliwafyatulia risasi waliogoma, na makumi ya watu wakafa. Noeli ya mwaka ule iliwakuta mabinti wa baba hao wakiwa yatima. Anayeandika juu ya zawadi za sikukuu katika miji hii hana budi kuwataja.

Uhuru ulipokuja, msalaba wa shaba ulirudi kwa njia ya siasa. Katanga ilipojitenga kati ya mwaka 1960 na 1963, bendera yake ilibeba misalaba mitatu ya rangi ya shaba, na sarafu zake za mwaka 1961 zilichorwa msalaba huo upande mmoja. Jitihada ya kujitenga ilikwisha, lakini umbo lile lilibaki likipendwa. Leo huchongwa likawa kidani cha shingoni, pambo la hereni, kishikio cha funguo. Mabinti wengi hulivaa kwa sababu ni zuri, na hiyo inatosha kuwa sababu.

Mwaka 1967 mali ya Union Minière ilitaifishwa, ikawa kampuni ya serikali iliyokuja kujulikana kama Gécamines. Kwa miaka mingi familia zilizaliwa, zikasoma na kutibiwa kwa mkono wake. Katika miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kisha mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, ukafuata uporaji wa mwaka 1991, halafu miaka ya 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai wakafukuzwa makwao, wengi wakikwama katika kituo cha gari moshi cha Likasi, watoto wao mikononi. Katikati ya muongo ule uzalishaji haukufika tani 50,000. Mishahara ilicheleweshwa, kisha ikakoma, na kuanzia mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliagwa kwa malipo ya mkupuo. Ni akina mama waliobeba nyumba kwa kuuza unga, mboga, makaa na nguo za mtumba. Zawadi ya binti wakati wa Noeli ikarudi kuwa kitu kinachopatikana kwa ufundi zaidi ya pesa.

Ufundi huo upo. Katika Katanga mafundi hufua mabamba ya shaba wakatoa picha za ukutani, husokota nyaya wakapata bangili, na huchonga malakiti wakatengeneza shanga, pete, hereni, mayai ya kupamba meza na visanduku vidogo. Dunia nzima huijua malakiti hii. Katika karne ya 19 jiwe lililosifika lilitoka milima ya Ural nchini Urusi. Katika karne ya 20 Katanga ikachukua nafasi hiyo. Ni jiwe laini, na msumeno mdogo na msasa wa kulowesha humtosha mchongaji. Kulowesha huko ni muhimu, kwa sababu vumbi lake ni sumu kwa mapafu. Fundi anayesaga malakiti kavu, tena watoto wakiwa karibu, anauza uhai wake kwa bei ya hereni, na mnunuzi anayejali ana haki ya kumwambia.

Ana haki pia ya kuuliza shaba imetoka wapi. Nyaya za umeme huibwa katika mkoa huu, na kila waya unaokatwa huacha mtaa gizani. Mabaki halali ya mafundi umeme na ya karakana yapo, na fundi mwaminifu hasiti kuyataja. Bora zaidi ni pale binti mwenyewe anapofundishwa. Kipande cha waya mnene wa urefu wa mkono, nyundo, koleo na moto mdogo vinatosha kwa bangili ya kwanza. Hatua ya kulainisha shaba motoni ni ile ile ya mafundi wa Bunkeya. Shule na parokia za Likasi zilizokwisha kuwafundisha wasichana kushona zingeweza kuwafundisha kufua shaba, na ni haki yao kama ilivyokuwa haki ya kaka zao.

Mzazi anayenunua Desemba hii azingatie mambo machache. Malakiti ya kweli ni baridi na nzito mkononi, na mistari yake haifanani pande zote. Ile ya plastiki hupata joto upesi na mistari yake hujirudia. Bangili ya shaba huacha rangi ya kijani kwenye ngozi yenye jasho, nayo hutoka kwa sabuni bila madhara. Ikififia, hung'arishwa kwa limau na chumvi, kisha huoshwa na kukaushwa. Limau lisiiguse malakiti, kwa maana tindikali huila, kama ilivyoliwa Shituru. Kwa hiyo kama zawadi ni bangili ya shaba yenye kito cha kijani katikati, binti aambiwe aifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, aivue kabla ya kufua nguo, na aiweke mahali pakavu.